Kuku Mgeni katika Historia ya Ujiji

Waswahili husema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Aghalabu maneno haya huelekezwa kwa binadamu: mtu akihamia mji asiouzoea hujulikana kwa mwendo wake, kwa usemi wake, na kwa namna anavyouliza njia. Lakini kabla methali hii haijawa hekima ya barazani ilikuwa kazi ya uani. Mtu aliyenunua kuku sokoni hakuthubutu kumwachia siku ile ile. Alimfunga kamba mguuni, akaifunga ncha ya pili katika nguzo ya banda, akamwekea maji na punje mahali pamoja asubuhi na jioni. Baada ya siku kadha ndege yule alizoea sauti ya mwenye nyumba na giza la tundu lake. Hapo kamba ilifunguliwa, na jua lilipokuchwa alirudi mwenyewe. Asiyejua jambo hili alipoteza mali yake siku ya kwanza.

Ujiji, mji mkongwe ulio katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ni mji uliojengwa na wenyeji pamoja na wageni wengi. Wajiji na Waha waliwapokea Wabwari na Wagoma kutoka ng'ambo ya Ziwa, Waswahili kutoka Mrima, Waarabu wa asili ya Oman, na Wamanyema kutoka nchi ya mto Lualaba. Wengine walikuja kwa biashara, wengine kwa kukimbia vita, na wengi waliletwa wamefungwa. Si adabu kumfananisha binadamu na kuku. Lakini historia ya kuku na historia ya watu hawa zimepita njia moja, na katika njia hiyo kuna jambo ambalo vitabu vya wasafiri vilipita juu yake bila kulitazama: nani alimfuga kuku ambaye wakubwa walimla?

Dunia inaujua Ujiji kwa mkutano mmoja. Kwa hesabu ya Henry Morton Stanley mwenyewe, tarehe 10 Novemba 1871 aliingia mjini humo, bendera ya Marekani ikitangulia, akamkuta David Livingstone amezungukwa na wakubwa wa mji. Livingstone alikuwa mzee aliyedhoofika. Alikuwa amerejea Ujiji mwezi wa Oktoba, akakuta vitu alivyoletewa kutoka pwani vimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuvitunza. Stanley alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1872 kwamba, walipokuwa wameketi barazani, vyakula vilianza kuletwa kimoja baada ya kingine. Said bin Majid alipeleka vyakula vya nyama iliyokatwakatwa. Mwinyi Kheri alipeleka nyama ya mbuzi na wali. Na Muhammad bin Salih alipeleka sahani ya mchuzi wa kuku. Livingstone, aliyekuwa akilalamika kwamba hana hamu ya chakula, alikula siku ile kama mtu mwenye afya. Halima, mwanamke aliyekuwa mpishi wake, alikuwa na pirikapirika kubwa jikoni.

Majina ya wenye kupeleka sahani yameandikwa. Majina ya waliokula yamewekwa katika nguzo ya kumbukumbu inayosimama Ujiji hata leo, na wageni hupiga picha mbele yake. Hata jina la Halima limebakia kitabuni, ingawa limebakia pembeni. Lakini mkono uliomtazama kuku yule tangu alipokuwa yai, ukamfunika kwa tenga mwewe alipozunguka, ukamfungia jioni na kumfungulia alfajiri, haukuandikwa popote. Msomaji atasema kwamba hilo ni dogo: mtu akila mchuzi haulizi nasaba ya kuku. Hilo ni kweli kwa mlaji. Kwa mwanahistoria si kweli, kwa maana chakula cha mji ni kazi ya mtu, na mtu aliyefanya kazi ana haki ya kutafutwa.

Kuku naye ni mgeni katika Afrika. Asili yake ni kuku mwitu wekundu wa misitu ya kusini mashariki ya Asia. Watu wa huko walimfuga kwanza, naye akasafiri magharibi kwa nchi kavu na kwa bahari. Mifupa ya kuku imefukuliwa katika mahame ya kale ya Uhabeshi, na pia huko Unguja Ukuu, bandari iliyositawi katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kutoka pwani na kutoka kaskazini aliingia bara, mkononi mwa mtu hata mtu, kwa mahari, kwa zawadi na kwa biashara. Hakuhitaji malisho wala mchungaji. Mtu mwenye nyumba moja na jungu moja aliweza kumfuga. Wasafiri wa karne ya 19 walipofika katika Ziwa, Richard Burton na John Speke wakiwa wa kwanza miongoni mwa Wazungu mwezi wa Februari 1858, waliwakuta watu ambao kwao kuku alikuwa kitu cha siku zote, kama kapu na kinu.

Soko la Ujiji lilikuwa na kila tunda la Ziwa na la nchi: samaki wabichi na wakavu, mawese, chumvi, muhogo, karanga, mbuzi na kuku; na kando ya hivyo, pembe za ndovu na watumwa. Verney Lovett Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliona kwamba sarafu ya soko ilikuwa ushanga uliofanana na vipande vya kiko kilichovunjika, ulioitwa sofi. Asubuhi walikuwako watu wenye mifuko ya ushanga huo waliowabadilishia wanunuzi ushanga wao wa namna nyingine, na soko lilipokwisha waliupokea tena kutoka kwa wauzaji. Kwa hiyo mwanamke aliyeuza kuku mmoja aliingia katika mzunguko wa fedha ule ule uliowaingiza matajiri wa pembe. Kiasi chake kilikuwa kidogo, lakini mlango ulikuwa mmoja.

Ili kufahamu thamani ya kuku katika mikono ya wanyonge, yafaa kuvuka Ziwa na kwenda magharibi hata Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko ndiko alikotoka Livingstone kabla ya kurejea Ujiji. Aliishi Nyangwe miezi kadha katika mwaka 1871, na furaha yake ilikuwa kwenda sokoni. Wanawake wa Manyema walikuja kwa mamia, wengine kwa mitumbwi, wamebeba mizigo mizito, nao walipenda kubishania bei kama watu wapendavyo ngoma. Livingstone aliandika hata habari za majogoo yaliyowika kwa nguvu huku yamening'inizwa begani, vichwa chini.

Tarehe 15 Julai 1871 soko lilikuwa limejaa watu wapatao 1,500. Livingstone aliwaona watu watatu wa Dugumbe, mfanya biashara aliyekuwa amefika karibuni, wameingia sokoni na bunduki. Alistaajabu, kwa maana haikuwa desturi kwenda na silaha mahali pale. Akadhani ni ujinga wa wageni. Alipokuwa akitoka alimwona mmoja wao anabishana na mtu juu ya bei ya kuku, kisha akamkamata kuku yule. Hata hajaenda mbali, bunduki mbili zililia katikati ya watu. Waliokimbilia mitumbwi walipigwa risasi majini. Mitumbwi ikasongamana katika hori, watu wakajitupa mtoni, na wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikisia kwamba waliokufa walikuwa baina ya 330 na 400. Wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza.

Mtu asidhani kwamba mauaji yale yalitokana na bei ya kuku. Sababu yake ilikuwa shindano la wafanya biashara, kila mmoja akitaka wenyeji wajue kwamba yeye ndiye wa kuogopwa. Lakini si bure kwamba dhuluma ile ilianzia kwa kuku. Mwenye bunduki alikuwa na uwezo wa kununua. Bei yake ilikuwa ushanga kidogo tu. Alichokataa ni haki ya mwanamke wa sokoni kusema, "Huyu ni wangu, na bei yake ni hii." Kumnyang'anya mtu kitu chake kidogo kabisa ni kumwambia kwamba hana chochote kilicho chake.

Mambo ya siku ile yalimvunja Livingstone moyo. Aliondoka Nyangwe siku chache baadaye, akatembea miezi 3 hata Ujiji, ambako Stanley alimkuta. Stanley aliporudi mwaka 1872 alichukua barua na maandishi yake, na habari za Nyangwe zikasomwa Uingereza. Zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozidisha sauti ya wapinga utumwa, na mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Hivyo katika mwaka mmoja, 1871, kuku wawili waliingia katika maandishi ya historia: mmoja aliyenyakuliwa Nyangwe katika mwezi wa Julai, na mmoja aliyeliwa Ujiji katika mwezi wa Novemba. Wa kwanza alikuwa mikononi mwa mwenyewe kabla ya kunyakuliwa. Wa pili tayari alikuwa sahanini. Baina yao ndipo ilipo historia ya mfugaji.

Mkataba wa Unguja haukuukomesha utumwa wa bara. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu wa Manyema waliendelea kuvushwa Ziwa. Wengine walipelekwa mbele hata Tabora na pwani. Wengine walibakia Ujiji, wakawa wapagazi, wapiga makasia, wakulima, wapishi, masuria na watumishi wa nyumba. Walijifunza Kiswahili, wengi wakasilimu, wakaoa na kuolewa, na baada ya vizazi viwili jina la Wamanyema likawa jina la sehemu kubwa ya watu wa mji. Wadachi waliweka boma lao Ujiji mwaka 1896. Sheria yao ikasema kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Wabelgiji waliushika mkoa huu mwaka 1916, wakawaachia Waingereza mwaka 1921, na utumwa ukafutwa kabisa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Kutoka mauaji ya Nyangwe hata sheria hiyo ni miaka 51, umri wa mama na mjukuu.

Katika miaka hiyo, kumiliki kitu kulikuwa na maana kubwa kuliko kitu chenyewe. Kwa sheria ya zamani, mali ya mtumwa ilikuwa mali ya bwana wake; kwa desturi, wengi waliachiwa kulima kishamba na kuuza walichopata. Mtu aliyeanza maisha mapya katika hali hii angeanza na nini? Ng'ombe hakuwa wake. Katika Buha mtu wa kawaida alipata ng'ombe kwa kumtumikia mwenye ng'ombe, katika mapatano yaliyoitwa ubugabire. Alipokea mnyama pamoja na wajibu wa utii. Mtumbwi ulitaka fundi na gogo kubwa. Michikichi huchukua miaka kabla ya kuzaa, nayo hutaka ardhi. Kuku alikuwa mali ya kwanza iliyowezekana. Haombwi kwa kabaila, halishwi katika malisho ya mtu, na mwenyewe akihamishwa humbeba kwapani.

Tena palikuwako njia ya kumpata kuku hata bila ushanga, nayo ipo mpaka sasa katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwenye kuku wengi humpa jirani tetea mmoja amlee. Tetea akitaga na kuangua, vifaranga hugawanywa kwa mapatano, na mama hurudi kwa mwenyewe au huendelea kulelewa. Katika mpango huu asiye na kitu huingia kwa kazi yake tu. Kinachotolewa ni uangalifu, na malipo yake ni kifaranga anachoweza kukiita chake.

Lakini uangalifu huo si jambo jepesi, na wenye kuanza hushindwa kwa sababu hudhani kwamba kuku hujitunza. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kiasi cha 10 hata 15, kisha huyaatamia kwa siku 21. Katika siku hizo hutoka mara moja kwa siku kula na kunywa, na akikosa maji karibu hukaa mbali muda mrefu hata mayai yakapoa na kuwa viza. Kiota kikiwa chini, kenge wa ufukoni huja kwa mayai. Kikiwa juu bila njia ya kushukia, vifaranga huanguka. Wakiisha kuanguliwa, mwewe huwanyakua mchana na kicheche huwafuata usiku. Ni kawaida kwa mfugaji mgeni kuona zaidi ya nusu ya vifaranga vyake vimepotea kabla ya miezi miwili. Wenye ujuzi huvifunika kwa tenga pamoja na mama yao katika majuma ya kwanza, huvipa mchwa na chenga za nafaka, huinyunyizia sakafu ya banda majivu kwa ajili ya utitiri, na hawakubali banda liwe na unyevu.

Ufuko wa Tanganyika una neema yake kwa kazi hii. Dagaa wa Ziwa hili, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani, huacha vumbi na vichwa ambavyo mtu havihesabu kuwa chakula. Kwa kuku ni nyama kamili, nayo humjenga kifaranga kuliko pumba tupu. Anayezidisha hutambulika mezani, maana yai huchukua harufu ya samaki. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua mise za chikichi nayo huingia katika chakula cha kuku. Hivyo uani kwa mwanamke wa Ujiji hukutana kazi za mji mzima: ya mvuvi, ya mkamua mafuta na ya mkulima wa muhogo, kuku hukusanya makombo ya zote na kuyageuza kuwa yai.

Hata hivyo, mwenye kufuga si lazima awe mwenye kula. Katika nyumba nyingi za nchi hii firigisi ilikuwa fungu la baba. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki wanawake na watoto walikatazwa mayai kwa miiko mbalimbali, na miiko hiyo, ikichunguzwa, iliwaachia wakubwa kilicho kizuri. Mgeni wa heshima alipofika, kuku alichinjwa. Na aliyesikia uchungu wa kumchagua ni yule aliyewajua kwa rangi na kwa tabia: yupi mtagaji, yupi mlezi mwema, yupi mkorofi. Sahani ya Muhammad bin Salih ilikuwa ukarimu wa kweli, tena ukarimu wa mtu aliyejua dhiki, maana yeye mwenyewe alizuiliwa miaka mingi katika nchi ya Kazembe kabla ya kuruhusiwa kurudi Ujiji. Lakini ukarimu wa bwana wa nyumba huanzia katika kazi ya mtu mwingine, na heshima ya mji haipungui kwa kulisema hilo.

Mwezi wa Februari 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, maili chache kaskazini ya Ujiji, na biashara ikahamia bandari mpya. Tangu hapo kuku walisafiri kwa behewa na kwa meli, wamejazwa katika matenga, kutoka vijiji vya Ziwa na vya njia ya reli. Safari zile zilikuza soko. Zikaleta pia hatari mpya. Katika mwaka 1926 na 1927 matabibu wa wanyama waliueleza ugonjwa mpya wa kuku, kwanza huko Java, kisha katika mji wa Newcastle upon Tyne wa Uingereza, ambao jina lake lilibakia katika ugonjwa huo. Katika miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha kutambuliwa katika pwani ya Kenya. Waswahili huuita kideri, na wengine mdondo.

Kideri ndicho kinachomfundisha mfugaji mpya kwamba kumiliki si kupata tu. Kuku huanza kwa kusinzia na kutweta, hutoa kinyesi cha kijani, shingo hupinda, miguu na mabawa hupooza. Katika banda lisilochanjwa, kati ya kuku 10 huweza kufa 8 au zaidi, na wakati mwingine wote, kwa siku chache. Aliyehesabu mwaka mzima, yai hata kuku, huamka asubuhi akawa maskini kama alivyoanza. Wengi, wakiona dalili ya kwanza, hukimbilia kuwauza waliobaki. Mtu huyu hastahili kulaumiwa upesi, kwani anaokoa alichoweza. Lakini kuku wake mgonjwa hununuliwa na mwanzilishi mwingine kwa bei ya chini, naye humpeleka nyumbani kwa furaha, akampeleka pamoja na msiba.

Hapo ndipo methali ya kamba inapopata maana nyingine. Kosa la kawaida la anayeanza ni kununua kuku watano kutoka nyumba tano kwa siku moja, akawachanganya mara moja na wale alionao. Kuku mgeni hutakiwa kutengwa mbali na wengine, na chombo chake cha maji kiwe chake, kwa muda wa majuma mawili, hata ijulikane kwamba hana maradhi. Kamba ya wazee haikutosha kwa kazi hiyo, kwa sababu aliyefungwa nguzoni huweza kuwaambukiza wanaopita karibu naye. Lakini ilikuwa na busara ndani yake: ilimpa mwenye nyumba siku za kumtazama mgeni kabla ya kumwamini, ikampa na mgeni siku za kuijua nyumba.

Dawa za miti hutumiwa katika maji ya kuku: shubiri mwitu, mwarobaini, pilipili. Hakuna hata moja inayoponya kideri, wala dawa ya hospitali inayokiponya haipo. Kinga yake ni chanjo. Chanjo za zamani zilitaka barafu tangu kiwandani hata kijijini, jambo lililowanyima watu wa mbali. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Peter Spradbrow, walitengeneza chanjo iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko zile za kwanza, iliyokusudiwa hasa kwa kuku wa vijijini. Ilijaribiwa Tanzania, nayo hutengenezwa nchini, huko Kibaha. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hutiwa tone moja jichoni, na kazi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyekwisha kuugua haimfai. Na nyumba moja ikichanja ilhali jirani zake hawakuchanja, ugonjwa hukaa mtaani. Kwa hiyo mtaa mmoja hufaa kuchanja siku moja.

Jambo hili si la matabibu peke yao. Mwanamke wa Nyangwe alinyang'anywa kuku wake na mtu mwenye bunduki, na hakuwako mtu wa kumkinga. Mwanamke wa mtaa wa leo hunyang'anywa banda zima na ugonjwa, na kinga yake ni tone moja. Tofauti baina ya misiba hiyo miwili ni kubwa, maana mmoja ni dhuluma ya mtu na mwingine ni balaa la maumbile. Lakini tangu kinga ilipopatikana, balaa hilo si la maumbile matupu tena. Pale ambapo chanjo haifiki, au hufika na mwenye kuku asielezwe, hapo mali ya mnyonge hupotea kwa sababu wakubwa huiona ndogo. Jicho lililompita mfugaji katika kitabu cha mwaka 1872 ni lile lile linalompita katika hesabu za leo.

Ufuko huu haukuacha kupokea wageni. Mwaka 1972 waliingia watu wa Burundi waliokimbia mauaji. Mwaka 1993 wakaja tena. Mwaka 1996 wakavuka Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika Kasulu. Anayekimbia kwa miguu hawezi kuchukua shamba wala nyumba, na ng'ombe wake huachwa njiani. Atakapoanza tena, ataanza na kile kinachoanzia kwa yai. Watu wa Ujiji, ambao wengi wao ni wajukuu wa walioletwa na waliokimbia, wana sababu kuliko wengine ya kuufahamu mwanzo huo.

Wanachuo wamekwisha kuandika mengi juu ya pembe, juu ya njia za misafara, na juu ya wakubwa wa Ujiji, na kazi hiyo ni ya haki. Imebaki kazi ya uani. Mabibi wa mji huu wanajua majina ya kuku kwa rangi zao, masharti ya kulea kuku wa mtu, na vyakula vilivyopikwa kwa wageni; wanajua pia nani katika ukoo wao alikuwa wa kwanza kumiliki kitu, na kitu hicho kilikuwa nini. Ushahidi huo hauko katika nyaraka za London wala za Berlin, na kila mwaka unapungua kwa vifo. Mwanafunzi anayekwenda Ujiji kuitazama nguzo ya Livingstone na Stanley angefanya vema, akiisha kuitazama, kubisha hodi katika nyumba za jirani na kuuliza.

Ama kamba, haikufungwa ili ikae. Mfugaji mwema huiangalia kila jioni isije ikaukata mguu, na siku ndege anapoelekea bandani kabla ya kuvutwa, huinama na kuifungua. Tangu siku hiyo kuku si mgeni tena.